Uwililugha ni nini hasa?

Simama kidogo kando ya mama anayeuza omena katika soko la Kibuye, Kisumu. Bei ya gorogoro, yaani kopo la kupimia, anamtajia mteja kwa Kiswahili, kwa kuwa mteja ametoka Kakamega. Chenji anaiomba kwa jirani yake kwa Kijaluo. Mteja akitaka kulipa kwa M-Pesa, namba ya simu mama anaitaja kwa Kiingereza, tarakimu moja moja, na hakuna anayeshangaa.

Hali ya mtu mmoja kuishi na lugha mbili kila siku ndiyo wanaisimu huiita uwililugha, wengine ujozilugha. (Mama wetu ana tatu, kwa hiyo yeye ni wa wingilugha, lakini tusigombanie hesabu.)

Wengi hudhani lazima uzijue zote mbili kwa kiwango kimoja. Sivyo. Mtafiti François Grosjean amesisitiza tangu miaka ya 1980 kwamba mwenye lugha mbili si watu wawili wa lugha moja moja ndani ya ngozi moja. Kila lugha ina kazi yake. Mimi kuzidisha nilifundishwa kwa Kiingereza, na hadi leo 7 mara 8 hunijia kwa Kiingereza. Lakini nikifika matangani, pole ya kumpa mfiwa huja kwa Kijaluo tu.

Kioja kinachonifurahisha zaidi ni saa. Simu inaonyesha 8:00 asubuhi. Jicho linasoma nane, mdomo unasema saa mbili, wala sihisi kama nimetoa sita. Mpwa wangu aliyelelewa Uingereza niliwahi kumwambia matatu inaondoka saa tatu asubuhi. Akaninunia: alidhani namwamsha usiku wa manane.

Halafu kuna kubadili msimbo, yaani kuchanganya lugha mbili katika mazungumzo yaleyale, ambako walimu hukuita uvivu. Carol Myers-Scotton, aliyechunguza mazungumzo ya Wakenya, alionyesha kwamba kuna utaratibu: lugha moja hutoa sarufi, nyingine huchangia maneno. Sikiliza "nimekumisi". Kitenzi ni cha Kiingereza, viambishi vyote ni vya Kiswahili, na vimekaa mahali pake.

Faida? Utafiti wa Toronto wa mwaka 2007, ulioongozwa na Ellen Bialystok, ulikuta dalili za ugonjwa wa kusahau uzeeni zikichelewa kwa takriban miaka 4 kwa wenye lugha mbili. Tafiti za baadaye hazikukubaliana zote, kwa hiyo usiichukue kama dawa. Faida ya mama wa Kibuye naiona wazi zaidi: anauzia watu wengi.

Gharama nayo ipo. Lugha zote mbili hukaa macho kichwani, na neno unalolitafuta hukwama ulimini huku lile la lugha nyingine likijipitisha. Sauti nazo huvuja. Kijaluo hakina "sh", na mwalimu alinisahihisha miaka mingi hadi nikaizoea. Ila nikikasirika, shamba hurudi kuwa samba.