Umauti katika fasihi: maana yake

Umauti ni hali ya binadamu kuwa kiumbe wa kufa, naye anajua hivyo. Ng'ombe hufa pia, ila hakuna aliyemwona akigawa urithi mapema. Wahakiki wakisema fasihi na umauti haviachani, wana maana nzito zaidi ya kwamba hadithi zimejaa vifo. Maisha yanayoendelea hayana umbo bado: la kesho laweza kugeuza maana ya yote yaliyotangulia. Mwisho ndio unaoyafanya yasimulike.

Sikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa kwenye mazishi Kisumu au Bungoma. Alizaliwa mwaka fulani, akasomea pale, akaajiriwa, akaoa, ameacha mjane na wajukuu. Juzi hayo yalikuwa mambo ya mtu tu, tena mengine ya kusengenywa. Leo yana mwanzo na tamati, na umati umenyamaza. Mwanafalsafa Mjerumani Walter Benjamin alisema mwaka 1936 kwamba msimulizi hukopa mamlaka yake kutoka kwa kifo. Nadhani angeelewana vizuri na Babukusu, Waluhya wa Bungoma.

Kwao, mzee wa heshima akishazikwa, wafiwa humwita mnenaji maalumu aje kutoa kumuse, hotuba ya maombolezo. Hutembea kwa kasi huku na huko katikati ya waombolezaji, fimbo mkononi, akisimulia chimbuko la Babukusu, koo zao na njia walizohamia, kisha akiwaasa walio hai. Aliyekuja kusikia habari za marehemu peke yake atashangaa. Kifo cha mmoja kimefungua hadithi ya ukoo mzima, na marehemu anaingizwa humo kama sura mojawapo.

Kuna pia dai kwamba anayeandika huwa ameshinda kifo. Hili silimezi kirahisi. Vitabu hubaki, sawa, lakini mwenyewe hayupo kuvitetea, na msomaji atavifasiri apendavyo.

Waluo wana njia nyingine ya kusimulia mbele ya kifo: pakruok, yaani kujisifu hadharani. Mpiga nyatiti akitumbuiza matangani, mtu hutoa pesa, muziki ukasimama, naye akajisifu: yeye ni nani, mwana wa nani, rafiki wa nani. Halafu nyuzi zinaendelea mpaka mwingine atoe zake. Wapo wanaonung'unika kwamba hayo ni majigambo mbele ya jeneza. Mimi siwalaumu wanaojisifu. Wametoka kusikia wasifu wa mwenzao, na wangependa kuusikia wa kwao wakiwa bado hai.