Wi-Fi humaliza betri ikisikiliza

Wengi wakitaka kuokoa betri hupunguza nguvu ya antena. Hapo hapana akiba kubwa. ESP32, chipu inayotumika sana kwenye vihisi, huweza kuvuta miliampia 240 ikituma, lakini kutuma ni kwa kitambo tu. Kusikiliza ndiko kusikokoma, nako huvuta karibu miliampia 100. Betri ya mAh 2000 (miliampia-saa) ikikeshwa hivyo huisha kwa saa 20. Kwa hiyo mimi huanza na usingizi wa vifaa.

Ruta hutoa tangazo fupi, bikoni, kila milisekunde 102.4. Thamani ya DTIM kwenye menyu yake ndiyo inayoamua pakiti za wote, yaani data zinazotumwa kwa vifaa vyote kwa pamoja, zitoke baada ya bikoni ngapi, na vifaa vingi huamka kwa mdundo huohuo. DTIM ikiwa 1, ni takriban mara kumi kwa sekunde. Ikiwa 3, mara tatu tu. Naweka 3. Ukienda 10, pakiti hizo husubiri hadi sekunde nzima, na printa au televisheni huanza kutoonekana kwenye simu.

Kisha angalia kasi ya bikoni yenyewe, maana kifaa hukaa macho hadi iishe. Ya baiti 250 kwa Mbps 1 (megabiti kwa sekunde) hukaa hewani milisekunde 2.2 hivi, kwa Mbps 6 haifiki nusu milisekunde. Zima kwenye ruta kasi za 1, 2, 5.5 na 11, ila hakikisha kwanza hamna kifaa cha 802.11b, Wi-Fi ya zamani, maana kitakatika. Punguza pia majina ya mtandao: kila jina lina bikoni zake.

Kihisi kinachotuma kipimo kila dakika 15 ni habari nyingine. Hicho kilale usingizi mzito, ambapo chipu hubaki na mikroampia 10, na DTIM haikihusu tena. Gharama yake ni kuunganika upya. Kikisaka chaneli na kuomba anwani ya IP kwa sekunde 4, hula karibu mAh 10.7 kwa siku. Kikimaliza kwa nusu sekunde, mAh 1.3. Kihifadhie namba ya chaneli, BSSID (anwani ya redio ya ruta) na IP ya kudumu iliyo nje ya zile ruta inazogawa. Na chaneli ya ruta usiiache ijichagulie: ifunge kwenye 1, 6 au 11, la sivyo siku ikihama kihisi kitaita pasipo mtu. Programu iwe na njia ya kusaka upya ikishindwa. Kagua bodi pia, kwani taa ndogo ya umeme inayowaka daima hula kuliko chipu iliyolala.

Kwenye ofisi, vituo 20 vya Wi-Fi vyenye wati 8 kila kimoja vikizimwa kwa muda wa saa 10 kila usiku huokoa kWh 1.6. Kata umeme kwenye poti ya swichi ya PoE, ile inayopeleka umeme kupitia kebo ya mtandao. Ukizima redio pekee, prosesa hubaki ikila. Bakiza vituo vinavyohudumia kamera na kengele za ulinzi, na panga umeme urudi dakika 10 kabla ya wafanyakazi kufika, kwa kuwa vituo huchukua dakika kadhaa kuwaka.