Nzuri, ila...

Juzi usiku kijana mmoja alinitumia ujumbe WhatsApp: "Dada, naomba orodha ya mada za kuongea. Nikibaki na mtu, sisi wawili tu, maneno yananiishia." Ni wa nne mwezi huu. Kabla yake alikuja mama anayetaka kuongea na binti yake wa kidato cha tatu, kisha mzee mstaafu ambaye yeye na mkewe wamebaki kimya tangu watoto waondoke nyumbani. Wote wameshika imani ile ile: mazungumzo ya watu wawili ni kazi ya mdomo, na mwenye maneno mengi ndiye hodari. Nimekuwa mshauri nasaha kwa miaka 13, na imani hii imenichosha, maana inawafanya watu wapole na wasikivu wajione wana kasoro.

Maneno hayajakuishia. Mwenzako alikufungulia mlango, nawe ukaupita mbio ukitafuta cha kusema.

Nianze na salamu, kwa sababu hapo ndipo ninapokereka zaidi. Siku hizi nasikia watu wazima wakisema salamu zetu ni ndefu na hazina kitu, bora mtu aende moja kwa moja kwenye shida. Hapana! Kiswahili kina adabu yake: jibu la kwanza la "habari" ni jema, hata kama nyumbani kuna msiba. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa na shangazi." Wapo wanaouita unafiki. Mimi nauona ni utaratibu wa heshima: kwanza nakuitikia, kisha napima kama una nafasi ya kunisikiliza. Habari yenyewe hukaa baada ya "nzuri". Ukirukia "na kazi je? na watoto je?" bila kupumua, umeshamjibu kwamba nafasi huna.

Tena mara nyingi hiyo "ila" haitamkwi. Inajificha kwenye sauti. "Nzuri" ya kawaida na "nzuri tu" inayoshuka mwishoni ni majibu mawili tofauti. "Tupo." "Tunasukuma." "Hivyo hivyo." "Tunamshukuru Mungu," iliyotanguliwa na pumzi ndefu. Mtu aliyekua akisikia Kiswahili anazijua tofauti hizi tangu utotoni, halafu anakuja ofisini kwangu kuniomba orodha ya mada! Mada amepewa katika sekunde tano za mwanzo.

Akisema "Tunasukuma tu, ndugu yangu," mrudishie neno lake mwenyewe: "Mnasukuma?" Kisha nyamaza. Sisi tunaita kuakisi, na ndiyo mbinu inayoharibiwa kuliko zote. Nimekaa kwenye mafunzo nikasikia wenzangu wakiwaambia wateja: "Kwa hiyo unasema kwamba unajisikia huzuni." Nani anaongea hivyo nyumbani kwake? Mteja amesema "nina mawazo". Kwetu mawazo ni mzigo unaomnyima mtu usingizi. Mwingine amesema roho inamuuma, mwingine mwili umechoka. Mwachie neno lake. Ukilibadilisha kuwa neno la kitabuni, anajua mara moja kwamba sasa anaongea na ofisi.

Maswali nitayapitia haraka. Maswali funge, yale ya kujibiwa ndiyo au hapana, yana kazi yake, msiyafukuze yote. "Kwa nini" itumie kwa uchache: ukimuuliza mtu kwa nini, anajitetea, ukimuuliza ilikuwaje, anasimulia.

Ukimya sasa. Mwaka 2009 kundi la watafiti lililoongozwa na Tanya Stivers lilichapisha vipimo vya lugha 10 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, jibu huanza kwa wastani baada ya kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Kiswahili hakikuwemo, lakini jambo lenyewe nalitambua kila siku kazini. Muda huo hautoshi kutunga sentensi. Ina maana sote huanza kuandaa jibu wakati mwenzetu bado anasema. Mwenye hofu huanza mapema mno, na akishaanza kutunga, "ila" ya mwenzake inampita. Ndiyo maana orodha ya mada ingemzidishia kijana yule tatizo: angekuwa anasoma orodha kichwani wakati mtu yuko mbele yake anamweleza. Baada ya kumrudishia neno, vuta pumzi mbili kabla ya kusema lolote. Mwanzoni zitaonekana ndefu kama foleni ya mwisho wa mwezi. Vumilia.

Na macho. Tulifundishwa kanuni ya mwanasaikolojia Mmarekani Gerard Egan: mkabili mtu, usikunje mikono, mwinamie kidogo, mtazame machoni, tulia. Kwa wateja wengi inafaa. Lakini binti aliyelelewa asimkazie macho mkubwa wake, ukimtazama hivyo anafunga kinywa. Kaeni ubavu kwa ubavu, kama watu wa barazani, wote mkitazama njia. Mama yule nilimwambia asimwite binti chumbani. Wachambue mchele pamoja, mikono iwe na kazi.

Sitaficha kwamba mbinu hizi hunishinda pia. Mzee mmoja aliwahi kuniambia, "Mwanangu, nimekuja unipe jibu, wewe unanirudishia maneno yangu." Alikuwa na haki. Kuna watu wamekuja kuchukua ushauri wa mkubwa au wa mtaalamu, na kuwaakisi ni kuwanyima. Kumtofautisha huyu na yule, hadi leo naenda kwa kukisia, na wakati mwingine nakosea kikao kizima. Sina hakika hata kama ni mbinu inayomfungua mtu, au ni kule kuona tu kwamba kuna mtu hana haraka naye.

Haraka naiona zaidi pale mgeni anapoaga. Wazee wetu hawakumwachia mgeni mlangoni, walimsindikiza. Wenye kazi hii tunajua kwamba jambo kubwa hutoka mteja akiwa ameshashika kitasa: "Halafu dada, kuna kitu kingine..." Nyumbani ni vilevile. Jambo zito huzungumzwa mkiwa mmesimama pale njia panda, bodaboda imeshaitwa. Siku hizi tunaagana kwa kupunga mkono kutoka kwenye kochi.

Orodha sikumtumia kijana. Nilimwandikia: "Habari za nyumbani?" Akajibu, "Nzuri tu, dada."

Nikaandika, "Nzuri tu?"

Juu ya skrini pakatokea "anaandika", pakapotea, pakatokea tena. Nikaiweka simu mezani, nikasubiri.