Ukuta wa moteri uliooza: maana yake kwenye boti ya faiba

Ukuta wa moteri ni ule upande bapa unaofunga boti kwa nyuma, ndipo moteri inapofungwa. Kwenye mitumbwi ya mbao ya Ziwa Kivu ubao ukioza fundi anauona kwa macho. Boti za faiba, kama zile za kasi zinazokwenda Goma hadi Bukavu, zinaficha. Kwa nje ni faiba, kwa ndani ni faiba, lakini katikati kwa kawaida kuna plaiwudi, na unene wote hufika sentimita 4 hadi 5. Plaiwudi hiyo ndiyo inayoupa ukuta ugumu wake.

Faiba yenyewe haiozi. Maji huingilia kwenye matundu tuliyotoboa wenyewe: ya bolti za moteri, ya kizibo cha kutolea maji, hata ya skrubu ndogo iliyokazwa bila kuzibwa. Yakishaingia, hayana pa kutokea. Kuvu wanaokula mbao wanataka unyevu na hewa kidogo tu, na maji ya Kivu si ya chumvi, ile chumvi ya baharini inayowapunguza kasi.

Moteri ya nguvu za farasi 40 inaweza kuwa na kilo 70, nyingine hukaribia 100. Uzito huo ni sehemu ndogo ya tatizo. Propela inaposukuma boti, nguvu yote hupitia kwenye ukuta huo, na kila wimbi huuvuta na kuurudisha. Mbao ikilainika, bolti huzama ndani yake na kulegea, kisha moteri inaweza kung'oka watu wakiwa mbali na kisiwa cha Idjwi na mbali na bara.

Kupima si kazi kubwa. Moteri ikiwa imezimwa, shika mguu wake karibu na propela, uunyanyue na kuushusha, mwenzako akitazama ukingo wa juu wa ukuta. Ukuta ukicheza, kuna shida. Gonga kwa kipini cha bisibisi: mbao nzima hutoa mlio mkavu, iliyooza hutoa mlio mzito uliokufa. Mwisho toboa kwa ndani tundu la milimita 5, chini karibu na kizibo, maana huko ndiko uozo hupenda kuanzia. Unga mkavu wa rangi ya mbao ni habari njema. Unga ukitoka mweusi, umelowa na unanuka uvundo, acha kubeba abiria.

Wapo wanaofunga bamba la chuma juu au kupaka faiba mpya kwa nje. Hiyo si kutengeneza. Ni kuwadanganya wanaopanda. Kutengeneza ni kukata ngozi moja ya faiba, mara nyingi ya ndani, kuchimbua mbao yote mbovu, kuacha pakauke kabisa, na kusugua faiba ya zamani hadi iwe safi (vaa barakoa, vumbi lake linaumiza mapafu). Kisha hukatwa plaiwudi mpya yenye gundi isiyoogopa maji, kwa kawaida vipande viwili vya milimita 18 vilivyogandishwa pamoja. Kwa resini (ile gundi inayoganda na kushikanisha faiba) ningechagua epoksi, kwani hushika mbao kuliko poliesta. Juu yake hurudishwa matabaka ya faiba, yakipanda vizuri pembeni na chini.

Matundu ya bolti hutobolewa makubwa kupita kiasi, hujazwa epoksi nzito, na ikishakauka hutobolewa tena katikati kwa kipimo cha bolti. Hapo bolti haigusi mbao popote.