Mafuta ya Transfoma na Maziwa ya Pomboo

Katika kampeni inayoendelea mkoani Mwanza ya kukusanya mafuta chakavu ya transfoma na viuatilifu vya zamani, swali linalojirudia mialoni, Kirumba hadi Igombe, ni moja: ziwa lote hili, dumu moja litalifanya nini?

Jibu linapatikana baharini. PCB, kemikali zilizowekwa katika mafuta ya transfoma nyingi za zamani, pamoja na DDT, kiuatilifu cha zamani, haziyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta, na kwa kuwa haziozi upesi, hupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa na hatimaye hutulia katika tabaka la mafuta la mamalia anayewala. Pomboo dume hulimbikiza mzigo huo hadi uzee. Jike hupunguziwa mzigo wake kwa namna isiyopendeza kuisimulia: anaponyonyesha, mafuta ya mwili wake huyeyushwa kutengeneza maziwa, na kemikali huenda nayo. Mafuta hayo yanaweza kuhama upesi sana: yupo sili, mamalia wa baharini, wa Atlantiki ya Kaskazini anayenyonyesha kwa siku 4 tu, lakini maziwa yake ni mafuta kwa takriban asilimia 60, na mtoto huongezeka uzito karibu mara mbili. Mzaliwa wa kwanza ndiye anayebeba sehemu kubwa, kwani hupokea limbikizo la miaka yote ya mama yake. Kwa pomboo wa Sarasota Bay, Florida, wazaliwa wa kwanza ndio waliokutwa wakifa zaidi.

Ziwa Victoria halina pomboo, lakini lina fisi maji, ambaye naye hula samaki na kunyonyesha. Samaki hao hao tunawala sisi. Wapo waliokwisha kuuliza iwapo akina mama waache kunyonyesha. Hapana, wasiache: Shirika la Afya Duniani linaendelea kushauri mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo. Kinachotakiwa kukoma ni kumwaga.

Kwa mujibu wa Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Tanzania ni mwanachama, vifaa vyenye PCB vilitakiwa kuondolewa katika matumizi ifikapo 2025, na vimiminika vyenye zaidi ya asilimia 0.005 ya kemikali hizo vishughulikiwe kwa njia salama ifikapo 2028. Mwenye mafuta hayo asiyachanganye na mengine, asiyachome, ayaache katika chombo chake kikiwa kimefungwa na kuandikwa kilichomo, kisha atoe taarifa kwa afisa mazingira wa halmashauri au ofisi ya NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ili sampuli ipimwe. Atakayeyasafirisha lazima awe na kibali cha taka hatarishi. Anayemwaga anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili, na anaweza kuamriwa kugharamia usafishaji.

Ilipaswa isiwe lazima kuandika kwamba mafuta ya transfoma hayakaangi chipsi wala hayaponyi kidonda, lakini bado tunaulizwa. Dumu tupu nalo likabidhiwe pamoja na mafuta yake: halioshwi ziwani, wala haliwekwi maji ya kunywa.