Je, wajua kwa nini mcheza tai chi hutembea polepole ilhali anajifunza kupigana?

Maulidi ikifika Lamu, kirumbizi, mchezo wa fimbo, hujaza watu. Wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo mkononi, zumari inalia, ngoma zinapigwa, na kila mmoja anatafuta mwanya wa kumpata mwenzake huku akijilinda. Watazamaji wengi huwa wameikodolea macho fimbo. Mwenye kutaka kujua nani atapatikana na aangalie miguu. Aliyekita nyayo zote mbili kwa uzito sawa ndiye anayechelewa, maana hawezi kuondoka alipo mpaka kwanza ahamishie uzito upande mmoja ndipo mguu wa pili uinuke. Hapo fimbo ishafika.

Kosa hilohilo ndilo tai chi, mchezo wa mapigano wa Wachina, imelishughulikia kwa karne kadhaa. Na ndipo lilipo jibu la swali ambalo kila anayeiona mara ya kwanza huuliza: mtu atajifunzaje kupigana kwa kunyata, ilhali hakuna adui atakayemngoja amalize hatua?

Historia yake kwa ufupi: mitindo inayojulikana leo inarudi kwenye kijiji cha ukoo wa Chen, jimbo la Henan, na mara nyingi hutajwa Chen Wangting, mwanajeshi wa karne ya 17. Yang Luchan (1799–1872) alijifunza kijijini hapo, kisha akaifundisha Beijing. Mwaka 1956 China ilitoa mfululizo mfupi wa mikao 24 kwa ajili ya afya ya umma, na ndio unaoonekana zaidi bustanini. Tangu hapo watu wengi wanadhani tai chi ni mazoezi ya wazee tu. Mtindo wa Chen bado una miruko, kukanyaga chini kwa kishindo na mapigo ya ghafla.

Turudi kwenye miguu. Tembea kawaida pale barabara ya ufuoni, kisha jaribu kusimama ghafla wakati mguu wa mbele bado uko hewani. Utayumba. Mwendo wetu wa kila siku ni kuanguka tulikokuzoea: mwili hutangulia, mguu hukimbia kuudaka. Katika kila mzunguko wa hatua mguu mmoja hukaa hewani takriban asilimia 40 ya muda, na wakati huo kiwiliwili kimeshaondoka. Kwa anayekwenda sokoni hakuna ubaya, na mwendo huo huokoa nguvu. Mbele ya mtu anayetaka kukuangusha ni balaa, kwa kuwa mguu unaoshuka umeshatolewa na mwili unaufuata, huwezi kuurudisha. Wacheza judo wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana huufagia mguu wakati uleule unapogusa chini.

Hatua ya tai chi imepangwa kinyume. Uzito wote unabaki nyuma, goti limekunjwa, na mguu wa mbele unatolewa mtupu. Kisigino kinagusa chini bila kubeba chochote. Baada ya hapo ndipo uzito unahamishwa kidogo kidogo mpaka mguu wa mbele ubebe sehemu kubwa, kama asilimia 70 hivi katika mkao wa kawaida wa kusonga mbele. Mtu akiufagia kabla haujajazwa, amefagia mguu usio na mzigo. Mwenyewe anaurudisha na bado amesimama. Mahamali wa gatini hawakuhitaji Mchina awafundishe: anayeshuka ubao kutoka jahazini na gunia la mchele begani huupapasa ubao kwa wayo kwanza, akishauamini ndipo anaukanyaga.

Lakini polepole ya nini? Kasi huficha makosa. Ukienda mbio, msukumo wa mwili unakuvusha pale ambapo mguu mmoja ulishindwa kukubeba, nawe hujui kwamba ulishindwa. Ukienda taratibu huna msukumo wa kukuokoa. Paja linatetemeka, kiuno kinapinda, na unajua papo hapo ni sehemu gani ya hatua ulikuwa unaanguka. (Msiniletee ile methali ya polepole na mwendo. Hapa subira haihusiki, ni kipimo tu.) Hiyo pia ni sababu moja ya mazoezi haya kuwapunguzia wazee kuanguka, jambo ambalo tafiti nyingi zimelionyesha.

Kwa sisi wa huku, kipimo kizuri zaidi kiko ufuoni Shela, hapa kisiwani Lamu. Ngoja maji yatoke, tembea kwenye mchanga mbichi, kisha geuka usome alama zako. Kisigino kikichimba shimo, uliangukia mguu wa mbele. Mchanga ukirundikana nyuma ya vidole, ulijisukuma kwa nguvu ya nyuma badala ya kuhamisha uzito. Angalia na upana pia: alama zikiwa kwenye mstari mmoja, mtu akikusukuma ubavuni unakwenda. Ziache njia mbili, nyonga hadi nyonga.

Mafundisho ya kale yanahesabu mambo 13: nguvu 8 za mikono na mielekeo 5 ya hatua, yaani mbele, nyuma, kushoto, kulia na kati. Huu wa mwisho huwashangaza wanafunzi, kwani kubaki kati kunaonekana kama kutofanya kitu. Kumbe ndio unaotakiwa kuwamo ndani ya ile mingine minne: popote unapokwenda, uti wa mgongo usiegemee.

Katika mapigano hatua yenyewe hufanya kazi kuliko mkono. Chukua mkao uitwao Kugawanya Manyoya ya Farasi-mwitu. Mtu anakuja moja kwa moja na ngumi. Kurudi nyuma kwa mstari uleule hakufai, kwa sababu anayekwenda mbele humshinda mbio anayerudi kinyumenyume. Unakwenda mshazari, nje ya mguu wake wa mbele. Mkono mmoja unaupokea mkono wake bila kuugonga, unauongoza uendako. Mguu wako mtupu unapita nyuma ya mguu wake. Ukishaujaza uzito, paja lako liko nyuma ya goti lake. Kiuno kinageuka, mkono wa pili unafunguka kifuani mwake, naye hana pa kurudisha mguu. Anayeutazama mkao huu bustanini huona mikono inayopaa kwa uzuri, na hatua iliyoangusha mtu haioni.

Hayo yote hayamfanyi mcheza polepole kuwa mpiganaji. Mwaka 2017, huko Chengdu, mpiganaji wa kisasa Xu Xiaodong alimwangusha Wei Lei, aliyejitangaza kuwa bingwa wa tai chi, kwa sekunde chache tu, na China nzima ikazozana. Sioni ajabu yoyote. Asiyezoea kupigwa hupigwa, hata awe na hatua nzuri namna gani.

Daraja kati ya mikao na mapigano ni mazoezi ya wawili ya kusukumana mikono, yaitwayo tui shou. Mwanzo miguu haiondoki: mnagusana mikono, mnasukuma na kupokea, kila mmoja akitafuta pale mwenzake alipokaza. Baadaye miguu inaruhusiwa kusogea, na hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wakisukumwa huzirudia hatua zao za sokoni. Kasi huongezwa polepole, na mapigo halisi huja nyuma ya hapo, na mwenza asiyekuonea huruma.

Kuna ubishi mmoja ambao anayeanza ataukuta mapema: ukigeuza wayo, uugeuze ukiwa na uzito au ukiwa mtupu? Walimu hawakubaliani. Kugeuka na uzito ni haraka zaidi na katika mapigano haraka ina thamani, ila goti ndilo linalolipa, hasa kwenye sakafu ya saruji isiyoteleza. Mimi ningemwambia anayeanza aurudishe uzito nyuma, ageuze wayo mtupu, kisha aujaze tena, na goti lielekee vidole vinakoelekea. Mapaja yakishakomaa ndipo aijaribu ile nyingine, na aijaribie mchangani.