Nani ana kauli juu ya tafiti za afya zinazolipiwa na serikali? Dhana potofu na ukweli

Ukifungua makala za kitaalamu za watafiti wa afya wa Tanzania, mara nyingi mwishoni, penye shukrani, utakuta sentensi fupi: wanamshukuru Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kwa kuwaruhusu kuchapisha. Wengi huiruka. Mimi huisoma kwanza, kwa sababu inanionyesha mlango ambao matokeo hupitia kabla ya kumfikia mwananchi, na nani ameshika ufunguo wake.

Dhana: "Serikali ndiyo inayolipa, basi serikali ndiyo inayoamua."

Hii ndiyo ninayoisikia zaidi, na nusu yake ni kweli. Serikali, kupitia Bunge, ina haki ya kupanga fedha ziende wapi: malaria kwanza au saratani kwanza, kituo kipya kijengwe Mwanza au Mtwara. Hiyo ni kazi halali ya siasa, na tunapaswa kuwabana wabunge wetu juu yake. Haki hiyo inakoma utafiti unapoanza. Kiongozi anaweza kuchagua swali, lakini jibu hachagui, wala hachagui nani alijue. Fedha zenyewe zimetoka kwa muuza nyanya aliyelipa ushuru sokoni na mwalimu aliyekatwa kodi kwenye mshahara. Hao ndio wenye majibu.

Dhana: "Matokeo mabaya yakitangazwa yatazua taharuki, afadhali yakaliwe kimya."

Hapa nitakaa kidogo, maana tuna mfano wa nyumbani. Desemba 15, 2016, Dkt. Mwele Malecela, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, aliwaambia waandishi wa habari Dar es Salaam kwamba katika sampuli za damu 533 zilizopimwa, 83 zilionyesha maambukizi ya virusi vya Zika, vinavyoenezwa na mbu. Waziri wa Afya akajitokeza kuwaambia wananchi kwamba hakuna mlipuko wa Zika nchini. Siku moja baada ya tangazo lile, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa Dkt. Mwele.

Kauli ya Dkt. Mwele na ile ya Waziri hazipingani hata kidogo. Virusi vinaweza kuwepo kwenye damu za watu bila kuwepo mlipuko. Zika si mgeni Afrika Mashariki: virusi hivyo viligunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, ndiyo maana vikapewa jina hilo. Chikungunya, homa nyingine inayoenezwa na mbu, nayo ilitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kusini mwa Tanganyika, na jina lake ni la Kimakonde. Mtu angeweza kuyaeleza haya yote kwa utulivu, dakika kumi zingetosha: virusi vipo, hatuna mlipuko, wajawazito wajikinge na mbu, tunaendelea kupima. Badala yake, kila mtafiti nchini alipata somo jingine kabisa, na somo hilo halikuhusu mbu.

Dkt. Mwele, ambaye jina lake lilijengwa na kazi ya kupambana na matende na mabusha, alikwenda Shirika la Afya Duniani na kuongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika huko Geneva hadi alipofariki Februari 2022. Bado inaniuma kwamba ulimwengu ulimpokea kwa ujuzi uleule ambao nyumbani haukumlinda.

Kimya nacho kina gharama zake. Mwaka 2001 Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini, taasisi ya serikali, lilikadiria kwamba UKIMWI ulisababisha takriban asilimia 40 ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 49 mwaka uliotangulia. Serikali ya Rais Thabo Mbeki, iliyokuwa ikitilia shaka sayansi ya ugonjwa huo, ilijaribu kuichelewesha ripoti, lakini ikavuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria baadaye kwamba kuchelewa kutoa dawa za kufubaza virusi kuliigharimu nchi hiyo maisha ya watu zaidi ya 330,000 kati ya mwaka 2000 na 2005. Sijui taharuki gani ingeua watu wengi kiasi hicho.

Dhana: "Siasa huharibu utafiti pale tu inapozuia habari mbaya."

Habari njema zimetudhuru vilevile. Mwaka 1990 Rais Moi aliitangazia dunia dawa ya Kemron, iliyotokana na kazi ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya serikali ya Kenya, kuwa ushindi dhidi ya UKIMWI. Wagonjwa na ndugu zao walijaa matumaini. Majaribio yaliyofuata, likiwemo lililofanyika Uganda, hayakuona faida yoyote ya dawa hiyo. Rais akishasimama jukwaani na kusifu, ni mtumishi gani wa taasisi yake atakayenyanyua mkono kusema kwamba wagonjwa waliopimwa ni wachache mno?

Afrika Kusini ilipitia hayohayo. Januari 1997 watafiti wa Virodene, dawa iliyodaiwa kutibu UKIMWI, walipelekwa moja kwa moja mbele ya baraza la mawaziri, ingawa kiini cha dawa yao kilikuwa kiyeyusho cha viwandani. Baraza la kudhibiti dawa likakataa kuruhusu majaribio. Mwaka uliofuata mwenyekiti wake aliondolewa.

Dhana: "Kama hakuna marufuku, hakuna kuingiliwa."

Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka sharti kwamba fedha za kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, zisitumike kutetea udhibiti wa bunduki. Halikupiga marufuku utafiti. Lakini wakati huohuo dola milioni 2.6, kiasi kilekile kilichokuwa kikitumika kuchunguza majeraha ya bunduki, zilielekezwa kwingine. Ujumbe ukaeleweka bila kuandikwa, na kwa zaidi ya miaka 20 wataalamu wengi walilikwepa swali hilo. Fedha mahususi zilirudi kwenye bajeti mwishoni mwa 2019. Jay Dickey, mbunge ambaye sharti hilo lina jina lake, alikuja kusema hadharani kwamba utafiti ule unahitajika.

Hofu ya namna hii haiachi karatasi. Utafiti ambao haukuombewa fedha hauonekani popote.

Dhana: "Nchi zilizoendelea zimeshalimaliza tatizo hili."

Hapana. Mwaka 2025 taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, zilisitisha ruzuku nyingi zilizokwishapitishwa na wahakiki wa kitaalamu, na mwezi Juni wafanyakazi wa NIH wenyewe walitia saini tamko la kupinga. Agosti mwaka huo amri ya rais ilitaka wateule wa kisiasa wapitie ruzuku, na maoni ya wahakiki yabaki ushauri tu. Mei, NIH ilikuwa imetangaza kusitisha utaratibu wa taasisi za Marekani kuwapa washirika wa nje sehemu ya ruzuku zao. Kwa Afrika, ambako fedha hizo zimelipia tafiti nyingi za VVU, kifua kikuu na malaria, uamuzi wa kisiasa wa Washington ni jambo la kliniki ya kijijini.

Dhana: "Uhuru wa watafiti ni kuwaacha wafanye watakavyo."

Mtafiti hupita kamati ya maadili, hukaguliwa hesabu, na jaribio la dawa husajiliwa hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza kuandikishwa, likitaja litapima nini. Masharti haya haya humlinda pia: kilichoandikwa kabla ya matokeo hakibadilishwi kimyakimya baadaye, na mtafiti wala na waziri.

Kinachokosekana kwetu ni ulinzi wa anayeshika ufunguo. Ningependa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti awe na muda maalumu wa utumishi, na asiondolewe bila sababu za maandishi kupitia bodi. Na ombi la kuchapisha lipewe siku 30: likikataliwa, mtafiti apewe sababu za kitaalamu zilizotiwa saini, na siku hizo zikipita bila jibu, achapishe.